Sindano ya Pili

Kibondo, Jumanne

Mpendwa dada Ernesta,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji Gasper na watoto hamjambo hapo Kasulu. Huku mama anaendelea vizuri, ingawa mkono bado umefungwa. Najua simu ipo, lakini haya kwa simu siyawezi. Jana nilikupigia nikakata kabla hujapokea.

Nilikwambia mama aliteleza kwenye ngazi za kwangu, bega likateguka. Kituoni kwetu mtoa dawa ya usingizi ni mimi peke yangu, hivyo nilimchoma mwenyewe ili Dkt. Siti alirudishe bega. Tulitarajia asinzie. Badala yake alitoa macho, akapiga kelele kwa Kiha, akampiga teke muuguzi Esteri na kunitukana. Wewe unamjua mama, hata kuku hawafokei.

Dkt. Siti alinieleza baadaye kwamba vipokezi vya dawa ile ubongoni, yaani pale dawa inaposhika, si vya aina moja, wala havikutapakaa sawasawa, kwa hiyo sehemu moja hulala mapema na nyingine hubaki macho. Kwa mama, pengine ile ya kujizuia ndiyo iliyolala kwanza, woga ukakosa wa kuushika. Kumbukumbu nayo ilizimika. Hakumbuki lolote, na hadi jana alikuwa akiwasimulia majirani kuwa nilimlaza kama mtoto mchanga. Kila aliposema hivyo, nilitoka nje.

Dada, nilikwambia pumzi zilimkatika kwa sababu ya umri. Si kweli. Dkt. Siti alisema tusubiri. Mimi niliona aibu mbele ya wenzangu, nikadhani dawa haijatosha, nikamwongezea kimyakimya. Akatulia, kisha akaacha kupumua. Tulimpulizia hewa kwa mfuko wa kusaidia kupumua mpaka kifua kikainuka chenyewe. Siku ileile nilimweleza Dkt. Siti, naye akaandika ripoti juu yangu. Nimesimamishwa kutoa dawa.

Mama nimemwambia leo asubuhi. Hakulia wala hakunifokea. Aliniuliza tu, "Na wengine uliowaongezea je?"

Tangu asubuhi nimeshawakumbuka watatu. Nilisema ni wakaidi, nikachoma tena, wakatoka salama, nami sikuwaza zaidi. Kesho nakwenda Rungwe Mpya kumwona wa kwanza, mama Niyibizi, na nitapitia kwako. Barua hii anakuletea Lukmani wa dukani, maana nataka uwe umeshajua kabla sijabisha hodi.

Wasalimie watoto wote, na shemeji mwambie namheshimu.

Ndimi mdogo wako,
Japhet