Jani Ndani ya Dumu la Petroli

Oili mwanangu,

Supu ya njegere iko jikoni, ipashe moto. Gari usiliguse, liko gereji kwa jirani Taisto, mabomba yake bado yanayeyuka barafu. ~~Taisto atakueleza.~~ Hapana, nakueleza mwenyewe.

Asubuhi gari lilipogoma kuwaka nilikufokea mbele ya Taisto. Nilisema mwenye akili zake haachi tangi nusu tupu wakati wa baridi, ndiyo maana unyevu wa hewa umegeuka maji humo yakaganda. Ulichukua kigari cha kuteleza kwenye theluji, ukaenda hospitali kazini ukikisukuma kwa mguu. Glavu ukazisahau. Nimeziona mezani baadaye.

Tulipoyeyusha barafu ya tangini tulikinga petroli kwenye chupa. Maji yalijaa vidole viwili chini. Nikamwambia Taisto, "Unaona mambo ya watoto?" Yeye akaenda bandani kwetu, akaleta dumu nililoongezea petroli Jumapili, akalimwaga mpaka tone la mwisho. Likatoka jani la yale matawi ya miti tunayojichapa nayo tukioga mvuke sauna. Na anayechotea sauna maji ya ziwani kwa dumu lile ni mimi peke yangu; Jumapili sikulikausha kwanza.

Taisto alilifunga dumu, akalirudisha bandani. Afadhali angenicheka.

Kesho asubuhi atakuwa nje akizoa theluji. Nitakuomba radhi palepale nilipokufokea, naye asikie. Usinionee huruma ukaniambia yameisha.

Niko sauna nawasha moto. Leo unaanza wewe kuoga. Maji nimechota kwa ndoo.

Baba