Taabini Yako Ubaoni

Nyumba za Walimu,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mwanangu Kasuku,

Pokea salamu zangu. Natumaini u mzima, kile kikohozi kimepona, na mkeo hajambo. Huku hatujambo, sisi tuliobaki.

Taabini uliyotuma isomwe kwenye mazishi ya mama yako ilifika. Aliisoma mjomba wako, na dereva wa lori kama yeye akitamka maneno makubwa namna ile, watu husikiliza. Majirani walilia. Mimi sikulia, maana nimefundisha fasihi maisha yangu yote na nilikuwa nikisahihisha kichwani.

Wiki iliyofuata niliiandika ubaoni, bila majina, nikawaambia kidato cha tatu watafute tamathali za semi. Walifurahi, hawajawahi kupata kazi rahisi hivyo. "Mama alikuwa kama taa": tashbihi. "Cherehani chake kinamlilia": tashihisi. Sikuwaambia kwamba cherehani chenyewe kiliuzwa ili upate tiketi ya ndege ya kwenda huko, kwa hiyo kama kinalia, kinalilia nyumbani kwa watu. "Nimelia mito ya machozi": chuku. Msichana wa dawati la mbele akauliza kama anaruhusiwa kuandika chuku kwa maandishi yote, kuanzia juu hadi chini. Darasa likaangua kicheko, nami nikampa alama zote.

Kisha mwenzake akauliza, "Mwalimu, mbona huyu mama haongei? Yeye alisemaje?" Nikakumbuka kwamba na wewe ulitaka kujua hilo hilo. Kila ukipiga simu unaniuliza kama alikutaja, nami nabadilisha mazungumzo makusudi, kwa sababu nina hasira. Bado ninayo, lakini leo nitakujibu.

Alikutaja. Siku zile za mwisho macho yake yalikuwa hayaoni tena, akawa anakuita tu, asubuhi, mchana, hata uji ukiwa mdomoni. Darasani tunaiita takriri. Mjomba wako akashindwa kuvumilia, akamshika mkono, akaitika, "Nipo, mama." Mama yako, mdogo wangu, akaupapasa ule mkono wa dereva, akasema, "Kasuku wangu, mikono imekuwa migumu hivi. Kumbe kazi za huko zinakutesa, na mimi nilidhani umenisahau." Akakuomba msamaha. Akalala, hakuamka.

Kwa hiyo usihangaike. Mama yako alikufa akijua ulikuja. Wanafunzi wangu wakiniuliza tena kinaya ni nini, mfano ninao.

Mjomba wako anakusalimu, mikono yake haijambo. Msalimie mkeo, na uwabusu watoto kwa niaba yangu. Mungu awakuze, awape kalamu nzuri kama yako, na siku yako ikifika wakuandikie vizuri, kutoka mbali.

Ni mimi, akupendaye hata sasa,
Mama yako mkubwa.