Mifupa ya Buya Haikukosa Maziwa

Kijiji cha Chara,
S.L.P. 14, Garsen.
16 Juni 2024

Mpendwa Mama Buya,

Salamu nyingi zikufikie huko Voi. Hujambo, mwanangu? Joy naye, ameanza kutambaa? Dada yako na watoto wake wazima? Huku tunamshukuru Mungu. Maji ya mto yamepungua na mpunga umesimama vizuri, ila nyani wanatutesa hata kanisani tunakwenda kwa zamu.

Simu zangu hupokei, na una haki. Barua hii nampa Valary wa kwaya, anayekuja huko arusini.

Nina aibu, Pauline. Hizo habari za nyani nilikuwa nakwepa tu.

Jumapili ya Pentekoste nilikuwa namvika Buya shati la kanisani. Nikauvuta mkono wake upite, nao ukavunjika. Sikutumia nguvu. Ndivyo ulivyotuambia wewe siku ile ulipomshusha mtumbwini na paja likavunjika, nami nikasimama kwenye kikao cha ukoo nikasema, "Huyu kampiga mtoto, na maziwa anamnyima." Wazee wakakutoa hapa kwa neno langu. Mimi nilipomvunja hakuna aliyeitisha kikao. Waliniletea chai.

Tena ulipoondoka nilikuwa natwanga mifupa ya kambale wakavu na kuitia kwenye uji wake, nikijisifu kwa majirani kwamba sasa mtoto anatunzwa.

Mumeo Jasper alimpeleka hospitali Mombasa. Picha ya mifupa ilitoka nyeupe tupu. Daktari akatuambia mifupa hiyo haikukosa kitu, imejaa kupita kiasi. Mwilini mna seli zinazokula mfupa wa zamani ili mpya upate nafasi. Sisi wa mtoni hilo twalijua: mto hula ukingo huku, ukaweka udongo kule. Kwa Buya seli za kujenga zipo, za kula hazikui, kwa sababu jeni inayopaswa kuzikuza haifanyi kazi. Basi mfupa unarundikana, mgumu lakini unakatika kama chaki. Sasa unabana mshipa wa jicho, na la kushoto halioni vizuri.

Hitilafu hiyo kairithi pande zote mbili, kwako na kwa Jasper. Na Jasper hakuiokota njiani, kaipata kwangu au kwa marehemu baba yake. Mimi niliyesema kwenu kuna mkosi!

Tiba ipo. Seli hizo huzaliwa kwenye uboho, ndani ya mfupa. Akipewa uboho wa mtu anayelingana naye, zitapatikana zinazofanya kazi. Tumepimwa sote hapa, hatufai. Daktari anasema atazamwe ndugu wa tumbo moja. Ni Joy, na yeye mwenyewe atapimwa kama yuko salama. Nilikufukuza na kichanga mgongoni, leo namhitaji kichanga huyo huyo. Sijui niuweke wapi uso wangu.

Jana niliwaita wazee wale wale, nikasema mbele yao kwamba nilikusingizia. Mzee Harrison akaniambia, "Mama Jasper, haya si yaishe nyumbani?" Nikamjibu hayakuanzia nyumbani.

Usije kwa ajili yangu. Ukikubali, Jasper atakufuata, nami nitahamia Garsen kwa dada yangu usinikute. Ukikataa, hapa hapana mdomo utakaokusema, wangu kwanza.

Mwanao hukuulizia kila siku. Nilikuwa nikimwambia mama amekataa kurudi. Leo asubuhi nimemwambia ni mimi niliyekufukuza. Amegeukia ukutani, uji hakuunywa.

Nisalimie dada yako, na Joy umbusu kwa niaba ya kaka yake. Jasper anakusalimu sana, ingawa naye kainamisha kichwa. Mungu awalinde ninyi wawili, na ailinde mifupa ya huyo mdogo.

Wako akupendaye, ijapokuwa sikukuonyesha,
Mama mkwe wako,
Alice