Tyuni ni Kukaza

Jumapili, Mahurunga. Mvua imekatika alfajiri, jua limetoka na hasira, na mimi sina hata utani mmoja mdomoni. Wanaonijua wataelewa hali ni mbaya.

Mimi ni fundi muziki, tena si wa kubahatisha. Kuanzia Mikindani hadi Nanyamba harusi haichangamki mpaka nishike mitambo. Nimefanya kazi Dar, nimevuka Ruvuma nikawarusha watu wa Msumbiji kwa muziki. Darasa la saba sikumaliza, lakini spika zinanitii.

Wiki iliyopita mshereheshaji mmoja aliniuliza hili neno "tyuni", tunalotumia mafundi tukirekebisha sauti, maana yake nini hasa. Nikamjibu kifua mbele: mambo ya mitambo hayo, utaumwa kichwa bure. Kisha nikajificha nyuma ya jenereta nikatafuta kwenye simu. Kumbe Waingereza nao wamelirithi. Asili yake ni neno la Kigiriki cha kale la kuvuta, kukaza, kama uzi unavyokazwa mpaka ulie.

Kukaza! Si kazi ya baba yangu hiyo?

Baba alikuwa mpiga ngoma za jando hapa kijijini. Ngozi ikilegea kwa unyevu, anawasha nyasi kavu, anaisogeza ngoma motoni, anaigonga kwa kidole, anasikiliza, anaiondoa. Miaka yote nilimcheka. Nilimwita mzee wa moshi.

Sasa yuko kitandani. Hospitali walituambia turudi naye nyumbani. Nilipomsimulia habari ya neno lile alicheka mpaka akakohoa. "Wagiriki wote hao, bwana spika, kwa jambo la nyasi kavu?" Kisha akaomba, "Nikazie ngoma yangu, niisikie mara moja."

Leo asubuhi nikawasha nyasi chini ya dirisha lake. Nikagonga. Nikaisogeza. Nikagonga tena. Bado, nikasema. Bado kidogo.

Ikapasuka.

Ngozi aliyoiwamba mwenyewe, kwa mikono ambayo leo haiwezi kushika kikombe.

Niliingia ndani nikiomba anitukane. Akasema tu, "Ilishakaza zamani, mwanangu. Ilikuwa inalia. Hukuisikia?"

Sikuisikia.

Sijamwambia mtu, hata mke wangu. Miaka ishirini kando ya spika: sikio la kulia limekufa, la kushoto linapiga filimbi kutwa. Harusini napandisha na kushusha sauti kwa kutazama taa za mitambo na nyuso za watu.

Baba nimemwambia. Alinishika sikio kama nilipokuwa mtoto. "Basi tafuta ngozi nyingine. Wewe shika moto, mimi nitasikiliza."

Mbuzi nimempata, nimemchinja, ngozi nimeiwamba kwenye ngoma yake kwa vigingi vilevile vya zamani. Iko juani. Itachukua siku nne, tano, mvua ikituachia.

Nimekaa mlangoni. Naingia, natazama kifua chake kinavyopanda kwa shida, natoka, naigusa ngozi. Mbichi.

Baba, siku tano unazo?