Unga Ndani ya Soksi

Jumatatu, 3 Machi

Leo ni miezi kumi na mmoja na siku tano tangu nitoke nyumbani. Mzee amemaliza dripu ya tatu. Zimebaki tatu. Daktari anasema saratani ya utumbo inataka subira, na baba yangu hajawahi kuwa nayo.

Mdogo wangu ametuma picha kwenye kundi la familia. Mzee kakaa kitini wodini, shuka shingoni, yeye kasimama nyuma na mashine ya kunyolea. Nywele zilikuwa zinadondoka kwenye mto, akaona bora azimalize. Mama mdogo kaandika: hakuna mtoto kama wewe. Shangazi kaweka mikono ya kuomba kumi na miwili. Nimeihesabu.

Huyu mtoto ndiye aliyekuwa akitoroka shule kulala kwenye pagala. Mimi niliacha darasa la sita ili yeye avae viatu. Na kichwa kile cha mzee nilikinyoa mimi, miaka tisa, kwa wembe, bila kukikata hata mara moja.

Sikuandika kitu kwenye kundi. Niliweka kidole gumba tu.

Jumatano, 5 Machi

Zege siku nzima, ghorofa ya tano. Mabega yamekufa.

Mdogo wangu katuma sauti ili tusikie mzee anavyoongea vizuri. Mwishoni mzee anasema: “Baba, niongezee mto.” Nikajibu peke yangu, “Sawa mzee” — halafu nikashtuka. Alikuwa anamwambia yeye.

Mimi ndiye niliyebeba jina la babu. Tangu utotoni mzee hajaniita kitu kingine: baba njoo, baba umekula? Mdogo wangu alikuwa “wewe”. Siku akikasirika, “we mwanaharamu”. Sasa na yeye ni baba.

Nimeisikiliza mara sita. Mrefu, ninayelala naye chumba kimoja, kaniuliza kama ni wimbo mpya.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwambia Mrefu yote. Kacheka kwanza. Kasema, “Kaka, unamwonea wivu mtu anayemwaga beseni la matapishi?” Ndiyo. Namwonea wivu wa beseni. Kasema tena, “Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kama huwezi kwenda, peleka kitu.”

Ana unga wa mizizi. Shangazi yake anautwanga. Mjomba wake alikuwa na uvimbe shingoni, akanywa mwezi mmoja, leo anachunga ng'ombe. Nimeulamba. Mchungu hadi masikioni.

Mdogo wangu nikimwambia, atakimbilia kwa daktari. Ana daftari anaandika kila mzee anachokula na kunywa, hata kijiko cha uji, na daktari anampigia saini. Tangu apewe lile daftari anaongea kama ameajiriwa pale. “Kaka, hiyo hairuhusiwi.” “Kaka, ngoja niulize.” Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Kwa hiyo sikumwambia.

Jumatatu, 10 Machi

Nimenunua soksi nzito, maana dripu inamfanya mzee asikie baridi miguuni. Nimetia mfuko wa unga ndani ya moja, nikazikunja, nikampa dereva wa basi.

Alhamisi, 13 Machi

Soksi zimefika. Nilimpigia mzee wakati mdogo wangu kaenda kuteka maji. Nikamwelekeza: mfuko umo ndani ya soksi moja, kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni, kwenye maji ya moto, mtu asijue.

Kasema, “Hata huyu?”

Nikasema hata huyo.

Akasema, “Sawa, baba. Wewe ukisema ni dawa, ni dawa.”

Nimebeba ndoo leo kama nimekula nyama. Nyapara kaniuliza kama nimepata mchumba.

Jumanne, 18 Machi

Mzee anasema anasikia nguvu. Anasema ni uchungu wa kweli, sio kama vidonge vyao. Tunaongea kila siku saa ile ya maji. Dakika nne, tano. Mdogo wangu akirudi, mzee anabadilisha maneno: “Haya, na huko mvua vipi?” Tunacheka kimoyomoyo kama wezi wa maembe.

Jumatatu, 24 Machi

Dripu ya nne haijawekwa.

Damu imeonyesha ini limechoka. Daktari kasema hawezi kumwekea dawa mtu mwenye ini hilo, wasubiri wiki mbili au zaidi, na uvimbe wenyewe hausubiri. Macho ya mzee yamekuwa ya njano. Daktari kauliza: amekunywa nini?

Nimelisoma hilo kwenye kundi nikiwa juu ya jukwaa la mbao. Nilikaa chini. Nyapara kapiga kelele nikasimama.

Jumanne, 25 Machi

Mrefu anaapa unga hauna neno. Nikamuuliza, mjomba wako alikuwa anawekewa dripu? Kasema hapana. Mjomba hakuwahi kufika hospitali. Uvimbe ulikuwa jipu, labda.

Labda.

Jumatano, 26 Machi

Mdogo wangu kapiga. Sikumtambua sauti. “Kaka, wanasema ni mimi. Daktari kafungua daftari, hamna kitu, kasema basi nilichompa nimekificha. Mama haniongeleshi. Namuuliza mzee, anageukia ukutani.”

Nikamuuliza, “Wewe unafikiri ni nini?”

“Sijui. Nilisinzia. Siku nyingine nasinzia mchana, kaka. Labda kuna nilichokosea nikiwa na usingizi.”

Hapo ndipo ningesema. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Nikamwambia, “Pole. Jikaze.”

Na hapa naandika maana hakuna atakayesoma: nilipokata simu, kabla ya aibu, nilifurahi. Kidogo. Kama mtu anayekunywa maji haraka akiwa amesimama. Halafu aibu ikaja, na haijatoka.

Alhamisi, 27 Machi

Mzee kapiga mwenyewe. Sauti ndogo. Kasema sijamwambia mtu, usiwe na wasiwasi. Kasema unga umeisha jana.

Jana! Amekunywa hadi jana, na ini lile.

Nikamwambia usinywe tena. Mzee, nisikilize, ule unga ndio ulioharibu ini. Kasema, “Hapana, baba. Hawa wanachelewesha tu. Wewe ndiye ulinipa nguvu. Lete mwingine.”

Nikamwambia ni kosa langu. Kasema naongea kama mdogo wangu.

Ijumaa, 28 Machi

Wamefanya kikao, mama, mama mdogo na shangazi. Mama kanipigia. Hospitali inaruhusu mtu mmoja tu kukaa na mgonjwa, na kadi ina jina la mdogo wangu. Wameona apumzishwe. Mzee kaulizwa amtaka nani, kanitaja mimi. “Wewe ndiye mkubwa,” mama kasema. “Tulikosea kumwachia mtoto.”

Nikasema mama, si yeye. Kasema usimtetee, unampenda mno ndugu yako.

Maneno mengine hayasemeki kwenye simu, au mimi ndiye nisiyeweza kuyasema kwenye simu. Nyapara kanipa ruhusa, kasema akipata mtu mwingine nisimlaumu.

Baadaye ujumbe wa mdogo wangu: Kaka afadhali unakuja. Nimekufungia nguo safi za mzee na daftari, nitakuonyesha jinsi ya kuandika. Nije kukupokea stendi?

Nimemjibu: njoo peke yako, usije na mama. Nafika Jumapili, saa nne asubuhi.