Uzi Ulibana

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu na mama, na kwamba goti la mama limempa nafasi ya kupumua. Mimi mwili haujambo. Usingizi ndio umenisusa, na sababu yake utaiona ukisoma hadi chini. Nakuomba usome hadi chini kabla hujamsomea mtu.

Utashangaa kuona karatasi wakati simu ipo. Nimekupigia, kaka, tena si mara moja. Kila ukipokea unaanza kunishukuru, unacheka, unamwita mama naye anishukuru, nami nabaki kusema haya, asanteni, halafu nakata. Juzi mama kaniambia siku zote alijua sitawaangusha. Nikaiweka simu juu ya friji nikaenda kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa visafi.

Basi nianzie ulipoanzia wewe. Kabla ya mtihani wa vitendo ulinipigia ukazunguka weee, ukauliza afya, ukauliza paa langu kama bado linavuja, mwisho ukasema nimwangalie mwanao. Nilikujibu kwa ukali kwamba alama si nguo za kugawiana ndugu kwa ndugu. Ukacheka, ukasema Koleo hajabadilika. Jina hilo umenibandika tangu utotoni, siku nilipoking'oa kijino chako cha mbele kwa uzi na kitasa cha mlango, na limenifuata hadi kazini. Wanafunzi wananiita hivyo hivyo, wakidhani sisikii.

Binti yako unajua alivyo kwangu. Tangu aanze udaktari wa meno amekuwa akija nyumbani, tunakaa jikoni tunachonga meno kwa vipande vya sabuni ya kufulia hadi meza inateleza. Hapo ndipo nilipomfundisha kitu kisichomo kitabuni. Ukimaliza kuziba gego, ule mfereji mdogo wa juu usiukate ghafla, upinde kidogo mwishoni, kama kimkia. Ni mkono wangu tu, hakuna mwingine anayefanya hivyo pale chuoni. Binti yako alikidaka siku ile ile.

Sasa, sisi watahini haturuhusiwi kumjua tunayempima. Mwanafunzi husafisha tundu la jino, analiziba, akimaliza anatoka kwa mlango wa nyuma. Mgonjwa anabaki kitini na namba kifuani, kaambiwa asitaje aliyemtibu. Ndipo tunaingia wawili wawili. Mkuu wa idara alijua nina mtoto wa kaka darasani, akasema namba zitatulinda sote. Nilipangwa pamoja na mtahini mgeni kutoka chuo kingine, kijana mpole niliyewahi kumfundisha mimi mwenyewe, na ambaye hata leo hawezi kunibishia bila kutazama viatu vyake.

Asubuhi ile kwenye chumba cha chai walimu wenzangu walikuwa wakitaniana kwamba mwaka huu kuna mtu amezaliwa na bahati, ana shangazi. Walicheka, nami nikacheka nao. Lakini lilinichoma, kaka. Nimefanya kazi pale tangu nywele zangu zikiwa nyeusi na hakuna aliyewahi kuninyooshea kidole. Nikaingia chumba cha mtihani nimekunja uso hata kabla sijavaa glovu.

Kwenye kiti kimoja alikuwepo kinyozi mwenye mabega mapana, anayeogopa kioo cha meno kuliko wateja wake wanavyoogopa wembe. Nikavuta taa, nikasogeza shavu, nikaona gego la chini limezibwa, na juu yake kimkia changu. Nikajiambia, huyu ni wetu. Mtahini mgeni alikuwa ameshatangulia kukagua, akanong'ona kwamba kazi ni safi. Nikapitisha uzi kati ya jino lile na jirani yake, nikasema umelegea, umepita bure, hapa chakula kitakwama kila siku, huyu hafai kufaulu. Akatazama viatu vyake. Kisha akakubali, tukaandika kwamba ameshindwa.

Tukaendelea. Kwenye kiti cha mwisho, kile chenye taa inayopepesa, alikuwepo mama mmoja muuza vitambaa. Jino lake lilikuwa limezibwa bila madoido yoyote. Mfereji umenyooka tu, kama tunavyofundisha darasani, ufizi haujaguswa hata kidogo, na mama mwenyewe alikuwa anasinzia. Nikampa alama za juu kuliko wote. Nilimwambia mgeni kwamba huyu, awaye yeyote, ningemkabidhi kinywa cha mama yangu.

Matokeo yalipobandikwa, binti yako alikuja kwangu mbio, kiatu kimoja hakijafungwa kamba. Amefaulu. Nilishika meza, kwa maana mimi nilishajiandaa kumfariji, nilikuwa hata na maneno tayari. Akanikumbatia, halafu akaanza kulia. Nilipomuuliza analilia nini akasema anamlilia Mama Mapacha.

Huyo ni mwenzake wa darasani, mtu mzima kidogo kuliko wao, aliyeacha kazi ya uuguzi ili asomee meno huku akilea watoto wake pacha. Ameshindwa, na anatakiwa arudie mwaka mzima. Nimesikia mumewe ameshamwambia arudi tu kwenye uuguzi, mambo ya meno yamemshinda. Binti yako akasema haelewi, kwa sababu walifanya mazoezi pamoja, na yeye ndiye aliyemfundisha Mama Mapacha kile kimkia, kwa sabuni zangu zilizobaki. Nikamuuliza kama naye alikiweka kwenye mtihani. Akasema hapana. Alikiacha makusudi, ili nisimtambue, nisije nikaonekana nimempendelea.

Kaka, ule uzi ulibana. Uliingia kwa shida kidogo na kutoka kwa shida kidogo, sawasawa kabisa na inavyotakiwa. Nilidanganya. Sikukosea, sikuchoka, taa haikunisumbua. Nilidhani ni mwanao, nikaona afadhali aanguke yeye kuliko jina langu lisemwe kwenye chumba cha chai. Nilikuwa nimekusudia kumwangusha mtoto wako kwa mkono wangu na kisha nimpikie chai na kumfuta machozi. Na kwa kuwa sikumpata, nimemwangusha mtu ambaye hanidai chochote.

Leo asubuhi nimekwenda kwa mkuu wa idara nikamweleza kama nilivyokueleza. Kisha akasema matokeo yote niliyotia mkono yanafutwa, ya Mama Mapacha na ya wengine, na watapimwa upya na watahini wengine wiki ijayo. Mimi nimesimamishwa kupima, na mengine yatajadiliwa. Nimeona ni haki. Nilimwandama Mama Mapacha hadi kituo cha basi nikamwambia mwenyewe. Hakunitukana. Aliniuliza tu kinyozi anaendeleaje na jino lake.

Ndiyo kusema binti yako naye atarudia, na hana kosa lolote. Bado sijamwambia. Anakuja kesho asubuhi, ameniambia analeta sabuni mpya. Nimetaka wewe ujue kwanza kutoka kwangu, ili akikupigia analia usimwambie amwombe shangazi yake amsaidie.

Na hili la mwisho ndilo lililonishinda kulisema kwenye simu. Mkuu alinifungulia orodha ya namba na majina: yule mwanafunzi wa kiti cha mwisho, yule wa mfereji ulionyooka, alikuwa ni binti yako. Kazi bora niliyoiona siku ile ilikuwa ya mwanao, kaka, na nilimpa haki yake kwa sababu sikujua ni wetu.

Msalimie sana wifi yangu, mwambie vile vitenge vyake nimevipata. Watoto wa jirani nao uwape salamu zangu. Mama mkalishe vizuri kwanza, goti lake likiwa limenyooshwa, ndipo umweleze. Mwambie asinishukuru tena.

Ni mimi mdogo wako,
Koleo