Alama Nyekundu Kwenye Kaburi Lako

Baba,

Shikamoo. Nakuamkia kwa mbali, kama nilivyokuwa nikikuamkia kila asubuhi nikitoka kisimani, wewe umekaa kwenye lango la zizi na mimi nimeinamisha macho. Miaka yote niliyokaa kwenye boma lako hatukuwahi kupeana mkono, wala sikuwahi kukalia kiti ulichotoka kukalia. Mkamwana hamsogelei baba mkwe. Ndivyo nilivyofundwa kwetu na ndivyo nilivyokuta kwako. Ukiwa na la kuniambia ulikuwa unaiambia hewa. "Chai ya leo imekosa sukari," na mimi nyuma ya mlango naongeza sukari. Tulielewana vizuri sana kwa njia hiyo.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu kuandika Kikurya shuleni hatukufundishwa, na pia kwa sababu yanayonileta ni ya serikali. Nimechoka, Baba. Ningependa kuanza na maneno mazuri kuliko hayo, ila sina nguvu ya kuyatafuta.

Mimi ndiye mwenyekiti wa kitongoji sasa. Ulipofariki kiti chako kilibaki wazi, uchaguzi mdogo ukaitishwa, na watu wakasema wameshazoea kuleta malalamiko yao kwenye boma hili, hata mbwa wanawafahamu, basi kiti kibaki hapahapa. Mume wangu Mwita, mwanao, alikataa. Alisema baba yake ametukanwa mpaka akaota mvi, yeye hataki. Wakanichagua mimi. Nadhani wengi walidhani wanakuchagua wewe tena.

Sikujua ulikuwa unabeba nini. Bomba la maji limewekwa kule senta, lakini maji yanatoka yanapopenda yenyewe. Yasipotoka, akina mama wananiletea ndoo tupu mlangoni, wanazipanga, wanakaa. Kalvati uliloliomba mpaka likaletwa limeziba takataka, na kila ninayemwita kwenda kulizibua, siku hiyo ana msiba kwao. Lindo la sungusungu limelegea. Vijana wanaopangiwa zamu wanakwenda Nyangoto kuchimba dhahabu, wakirudi wana jeuri ya hela. Wezi walipopitisha ng'ombe wa jirani kuelekea mpakani, yowe lilipigwa tukatoka wazee na wanawake. Ng'ombe hawakuonekana. Kesho yake waliotukanwa hawakuwa wezi, nilikuwa mimi.

Hayo yote nayameza. Lililonifanya nishike kalamu ni barabara.

Barabara yako, ile uliyoidai kwenye kila mkutano mpaka diwani akawa anakukwepa sokoni. Halmashauri ilisema greda lipo ila fedha ya fidia haipo, kwa hiyo litakuja tu kama wananchi watatoa ardhi kwa hiari. Ukapita nyumba kwa nyumba. Ulichagua njia ya zamani ya ng'ombe, inayopanda kutoka senta mpaka juu kwenye mashamba ya kahawa, kwa sababu ndiyo njia pekee ambayo hakuna ukoo unaoweza kusema ni yake. Ilitakiwa kupanuliwa tu, kila mtu arudi nyuma kidogo. Watu wakabisha, ukawaambia, "Ng'ombe wanapita hapa bila kugombana, ninyi watu mnashindwa nini?"

Ulivuta kamba ya katani, na ncha ya pili ilishikwa na Masanja, jirani yetu Msukuma aliyekuja huku kwa ajili ya dhahabu, akakosa dhahabu akapata kiwanja. Masanja ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoa. Alibomoa kwa mikono yake kibaraza ambacho mkewe alikuwa anauzia maandazi. Wa pili ulikuwa wewe. Uling'oa uzio wa zizi upande wa mbele ukaurudisha nyuma, ukafungua lango jipya. Nguzo mbili za lango la zamani ukaziacha zimesimama, kwa kuwa zilikuwa zimezama sana ardhini, ukasema utazing'oa kiangazi.

Kiangazi hukukifikia.

Siku ya kukuzika, baba mdogo Chacha ndiye aliyeonyesha mahali, kama desturi inavyotaka: mwenye boma alazwe kando ya lango la zizi lake, mkono wa kulia wa kutokea, ng'ombe wake wakitoka na kurudi wampitie. Na lango alilolijua mdogo wako lilikuwa la zile nguzo mbili. Watu wakachimba palepale. Sisi wanawake tulikuwa na masufuria ya msiba, wanaume walikuwa na uchungu, viongozi walikuwa na hotuba. Hakuna aliyefikiri kwamba pale si pako tena, kwamba ulishapatoa kwa mdomo wako mbele ya mkutano. Masanja alilifikiri, aliniambia baadaye. Lakini mgeni atasimamaje kwenye msiba wa watu aseme kaburi lisogezwe?

Basi greda limekuja. Kweli limekuja, Baba, la njano, lina kelele, limeanza kule senta na linapanda. Kabla yake walikuja wapimaji na makopo ya rangi, wakaweka alama ya X nyekundu kwenye kila kinachotakiwa kutoka: kwenye mikaratusi ya shule, kwenye choo cha kanisa, na kwenye saruji ya kaburi lako. Mpimaji aliuliza kwanza hili kaburi ni la nani. Nikamjibu kuwa ni la mtu aliyeiomba hii barabara. Alichovya brashi, akapaka.

Mhandisi alikuja siku iliyofuata akasema mambo ni mawili. Kaburi lihamishwe, au barabara ipinde upande wa pili. Ikipinda, inachukua nyumba ya Masanja yote. Na tuamue upesi, kwa sababu greda likifika hapa likakuta tunabishana, litageuza liende kata nyingine, na kurudi kwake anajua Mungu.

Ukoo ulikutana hapa nyumbani. Nilimimina chai kwanza, kama mkamwana, nikiwa nimeinamisha macho kwa wakwe zangu. Baadaye wakaniambia niweke birika chini nikae, maana sasa wanamtaka mwenyekiti. Nikakaa. Baba mdogo Chacha akasema barabara ipinde. "Mtu hahamishwi kama gunia la mahindi," alisema. "Huyo Masanja si ana kwao? Atajenga kwingine." Wengi waliitikia. Mwita wangu aliitikia pia, halafu akanitazama, halafu akatazama chai yake. Nilikasirika naye sana siku ile. Baadaye nilimhurumia, kwa sababu ni baba yake ndiye anayezungumziwa kufukuliwa.

Nikaenda kwa Masanja. Nilitegemea ugomvi, nilishauandalia majibu. Alinipa kiti, mkewe akaniletea maji ya kunywa. Akasema, "Mwenyekiti, mimi nilishapisha mara moja. Ninyi mna makaburi hapa. Mimi nina nyumba tu." Hakupandisha sauti. Ningefurahi kama angepandisha, ningepata sababu ya kumkasirikia.

Unajua walivyosema wahenga, mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja, na sisi wenyeji tunataka tupone kwa kumbomolea nyumba.

Mama, mjane wako, muda wote huo hakutia neno. Hujui yaliyompata, kwa hiyo nikueleze. Masika iliyopita presha ilimpanda ghafla. Gari lililokodiwa lilifika senta likagoma kupanda, njia imekuwa utelezi mtupu. Tukampakia kwenye bodaboda, mshikaki, dereva mbele, Mama katikati, mimi nyuma nimemkumbatia. Pale kwenye korongo pikipiki ikateleza tukaanguka wote watatu. Mimi nilichubuka. Mama aliumia nyonga. Alipona presha, ila tangu hapo anatembea kwa fimbo yako, na kanisani haendi tena, anasali akiwa amekaa kitandani. Nilidhani kikao cha ukoo hakimhusu kwa kuwa hakuna aliyemuuliza.

Walipokutana mara ya pili alitoka ndani na fimbo, akasimama mlangoni. Alisema kwa Kikurya, nami nakuandikia kama nilivyosikia. "Kila jioni alikuwa anawapisha ng'ombe waingie kwanza, ndipo anaingia yeye. Leo mnamsingizia kwamba hajui kupisha." Halafu akalia, kwa sauti, mbele ya wanaume, jambo ambalo hata siku ya mazishi hakulifanya. Baba mdogo Chacha aliinuka akamshika mkono akamrudisha ndani. Alipotoka alisema, "Basi ahame."

Kwa hiyo unahama, Baba. Unaingia ndani kidogo, kando ya lango jipya, mkono wa kulia vilevile. Wazee watafanya yanayotakiwa kufanywa, kondoo ameshatafutwa, na mchungaji naye ataomba ili pande zote ziridhike. Masanja amejitolea kuchimba. Baba mdogo Chacha alikunja uso, kisha akasema wachimbaji wenye mikono mizuri ni wachache, aje.

Nilidhani yameisha. Uenyekiti huu nimeujua sasa, ukidhani yameisha ndipo yanaanza. Afisa afya alikuja kutueleza taratibu, akasema kaburi halifunguliwi bila mwenyekiti wa mahali kuwepo. Wazee wakaruka. Baba mdogo Chacha akaniuliza mbele ya watu, "Hujawahi kumtazama akila, utamtazama akiwa mifupa?" Nami nilikubaliana naye, Baba. Moyoni nilikubaliana naye kabisa. Nilifikiria kujiuzulu. Nililala mchana ule na viatu miguuni, nikafikiria atakayenirithi, nikaona ni yuleyule aliyesema Masanja ana kwao. Nikaamka nikaenda kuangalia bomba.

Tumekubaliana hivi. Nitasimama upande wa barabara, nimekupa mgongo, na nguo nimejitanda kichwani. Afisa ataniona nipo, wewe hutaniona. Wazee wameridhika, hata Mama ameridhika.

Limebaki moja, na hili ndilo zito kuliko yote. Kabla jembe halijagusa udongo, mwenyekiti anatakiwa kutamka mbele ya mashahidi kwamba hili ni kaburi la nani, kwa majina kamili. Mwita aliomba alitamke yeye. Afisa akasema hapana, yeye ni upande wa familia, anayetamka ni upande wa serikali. Nikatoka nje nikashika nguzo ya zizi.

Sijawahi kulitaja jina lako, Baba. Unajua. Mjukuu wako wa kwanza alipopewa jina lako, nilimwita Babu tangu ananyonya, na mpaka leo namwita Babu. Nilipokwenda kumwandikisha shule mwalimu aliniuliza jina la mtoto, nikamwambia mwalimu amuulize mwenyewe. Walicheka sana pale ofisini, wakadhani mama huyu hajui jina la mwanawe. Hata kwenye msiba wako, waliponiuliza wageni waliopotea njia kama hapa ndipo kwa fulani, nilitikisa kichwa tu kwamba ndipo. Ilikuwa ndiyo heshima yangu kwako, na sikuwa na nyingine ya kukupa, kwa sababu mapenzi ya mkamwana kwa mkwewe hayasemwi. Nayasema sasa kwa kuwa huwezi kuona aibu. Nilikupenda kama aliyenizaa, na wakati mwingine zaidi, maana yeye hakuwahi kunyamaza nilipokosea na wewe ulinyamaza.

Utahamishwa Alhamisi, asubuhi, umande ukikauka. Nimeshafanya mazoezi shambani, peke yangu, katikati ya migomba, na sauti haikutoka. Nitajaribu tena kesho. Nakuahidi siku yenyewe itatoka. Nitayataja majina yako yote matatu, taratibu, bila kumeza hata moja, kama yanavyostahili kutajwa mbele ya watu, na baada ya hapo sitayataja tena mpaka na mimi nizikwe. Na barabara ikifika juu kwenye kahawa, Mama atapanda gari mlangoni pake aende hospitali akiwa amekaa kama mtu. Hilo pia nakuahidi.

Kwaheri, Baba. Ukisikia sauti ya mwanamke inakuita kwa jina, usiseme mkamwana ameota pembe. Itika tu, uinuke, utupishe.

Mkamwana wako,
Robi